Watu Mia Tatu Wamo Dukani

Zuleha wa Mabawa alikuwa anauza udi, ubani na marashi kwa njia ya mtandao, na kosa lake la kwanza lilikuwa dogo, la kuchekesha. Siku chache kabla ya mfungo alitangaza punguzo la vunja jungu, akamwambia msichana wake wa kompyuta, Loveness, aandike juu kabisa ya duka lao la mtandaoni: "Karibuni. Watu mia tatu wamo dukani sasa hivi."

"Dada, mbona huku ndani nawaona tisa," alisema Loveness.

"Wewe andika mia tatu. Nani anaingia duka tupu?"

Loveness akaandika. Alikuwa binti wa makambi ya mkonge huko Muheza, mpole, Jumapili hakosi kanisani, na mshahara wake ndio uliomlisha mama yake. Mtu mwenye adabu kama huyo ukimtuma akuandikie uongo hakubishii mara mbili, na Zuleha alilijua hilo vizuri sana.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, duka likaanza kuwa zito. Picha ya chupa ya marashi inafunguka nusu, inaganda. Wateja wakaanza kulalamika kwamba wanabonyeza kununua, kinazunguka tu kile kiduara. Zuleha akafurahi. Si ndiyo siku ya punguzo, hata maduka makubwa ya mtandaoni huelemewa hivyo hivyo watu wakifurika.

"Wamefika wangapi?" aliuliza.

Loveness alichungulia pale ambapo mwenye duka peke yake huona hesabu ya kweli. "Mia tatu," alisema polepole. "Kamili. Hawapungui, hawaongezeki. Na hakuna hata mmoja aliyenunua."

"Hebu ifute ile kauli."

Loveness akaifuta. Mia tatu wakabaki palepale.

Ndipo ikasikika mlangoni pa chumba walichofanyia kazi sauti ya ndara zinavuliwa. Jozi moja, kisha nyingine, kisha nyingi, na pale kizingitini hapakuwa na ndara hata moja. Chetezo kilikuwa cha baridi tangu asubuhi, lakini harufu ya udi ulioungua ikachanganyika na ya jasho la watu waliobanana, joto likapanda mpaka kanga ikamganda Zuleha mgongoni, na jua likiwa bado linawaka dirishani, jirani anatwanga kisamvu nje kama kawaida, akasikia pumzi, si za mtu mmoja wala wawili, pumzi zilizojipanga ukuta hadi ukuta, zinaingia na kutoka kwa subira ya watu walioambiwa karibuni na sasa wanangoja kuhudumiwa, na moja ilikuwa karibu kabisa na sikio lake, ya uvuguvugu, inanuka majivu. Alipogeuza macho alimwona Loveness anauendea mlango ubavuubavu, katika chumba kitupu, akinong'ona, "Samahani. Samahani. Naomba nipite."

Alikuwa anakwenda kumwita Shekhe Mwinyijuma, mtaa wa pili. Mzee yule alifika, akasoma kwa muda mrefu, kisha akatega sikio kama mtu anayeelezwa jambo.

"Hawa hawakutumwa na mchawi, Zuleha," alisema. "Wanasema wamealikwa, tena kwa idadi. Nani kawaalika?"

Zuleha alitazama sakafu. Alieleza yote kwa sauti ndogo, na kila neno lilikuwa linamtoka kwa aibu.

"Basi wao hawana kosa," alisema shekhe. "Wanamtafuta mwenyeji wao tu. Mwaliko ule uutangue mbele ya wale wale waliousoma. Jitaje, useme ulidanganya, uwaombe radhi wote. Wataondoka kwa amani. Lakini uwe wewe mwenyewe. Usimsukumie mtu."

Saa kumi akaingia laivu. Loveness alisimama kando, akamshikia taa. Watu mia nne walikuwa wanatazama, watu hasa, na katika majina yaliyokuwa yanapita Zuleha akaliona la mama mkwe wake, na la mwalimu wake wa darsa, aliyemsifu juzi mbele ya akina mama kwa uaminifu wa biashara.

"Ile idadi ya watu haikuwa ya kweli," alisema. "Naomba radhi, wapenzi wangu. Aliiweka huyu msichana wangu, Loveness, bila mimi kujua. Nimeshamwachisha kazi."

Taa haikutikisika. Loveness alingoja mpaka mwisho, akaizima, akaiweka mezani taratibu, akachukua mkoba wake. Zuleha hakuweza kumtazama. Kisha ndara zikaanza kuvaliwa pale kizingitini, jozi baada ya jozi, bila haraka, na mlio wake ukamfuata binti wa watu mpaka barabarani.

Chumba kikapoa. Duka likawa jepesi, oda zikamiminika, na Zuleha akafunga vifurushi hadi magharibi. Alijua alichofanya, asikudanganye mtu.

Siku ya pili mchana simu ikaita. Alikuwa Praxeda, mama yake Loveness, kutoka Muheza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Samahani kwa usumbufu. Mtoto amesimama katikati ya nyumba tangu jana. Anasema hana pa kukaa, nyumba imejaa. Usingizi unamchukua wima. Na mimi ananiomba nisogee." Akashusha sauti. "Anasema kuna maneno ya kuwaondoa, na wewe unayajua."

"Usikate, mama. Nayasema sasa hivi, utayasikia."

Na alikuwa na nia hiyo, wallahi. Aliiweka simu ile mezani, akawasha nyingine, akaingia laivu. Wakajaa upesi, mia sita, mama mkwe akiwa wa kwanza kumwekea ua. Zuleha akauona uso wake mwenyewe kwenye kioo, mtandio umekaa vizuri, na akajiona hawezi.

"Wapenzi wangu," alisema, "udi wa leo ndio wa mwisho. Wahini kabla haujaisha."

Akazima. Kwenye simu ya mezani Praxeda alikuwa bado anasikiliza. Nyuma yake ilisikika sauti ya Loveness, amechoka, anamwomba mtu asogee kidogo.

"Ndiyo yenyewe hayo, mwanangu?"

Zuleha akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Ndiyo, mama," alisema.