Mwali Haambiwi Msiba

KA-CHA!

Kufuli, jamani! Nje ya mlango wa chumba changu mwenyewe, hapa Zinga, saa moja asubuhi!

Nikausukuma mlango. Wapi!

"Shuaibu! Umenifungia?"

Mara namsikia huyo mume wangu sebuleni, ananong'ona na shangazi yangu Biubwa.

"Asijue kitu mpaka jioni."

"Ukimwambia sasa hivi ataivunja nyumba," shangazi akajibu.

Nikajua tu. Talaka ya tatu inakuja!

Msinicheke. Mbili ninazo tayari. Ya kwanza nilivunja runinga, kisa alichelewa kurudi kutoka Mapinga. Ya pili nilichoma nguo zake, kisa simu yake iliisha chaji. Zote alinirejea. Lakini ya tatu haina kurejeana, mnajua wenyewe. Nikivunja hata kikombe leo, basi.

Majirani wanasema nina jini. Daktari anasema ni tatizo la haiba: nikihisi naachwa, hisia zangu hazina breki.

Nikatazama dirisha. Nondo! Chumba kikaanza kunibana, pumzi haishuki. Nikanyanyua stuli, nikalenga kioo cha kabati…

Nikamkumbuka Dada Mina, mshauri wangu wa kliniki kule Bagamoyo mjini. Kila Jumanne ananiambia, "Fumba macho, Batuli. Rudi kwenye kile chumba. Safari hii ingia ukiwa mtu mzima."

Chumba gani? Cha uwali. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimevunja ungo, nimewekwa ndani kwa bibi. Mama akaugua, akafa, akazikwa, mimi nimo ndani nasingwa liwa ya kung'arisha mwili. Hawakuniambia! Eti mwali haambiwi msiba. Siku ya kutolewa nikabebwa mabegani, vigelegele kila kona, nami nageuza shingo kumtafuta mama kwenye watu…

Tangu hapo, watu wakinong'ona nje ya mlango nachanganyikiwa.

Nikaishusha stuli. Nikafumba macho.

Nikakiona. Kitanda cha kamba, harufu ya liwa, kabinti kamejikunyata ndani ya kanga. Siku zote huwa naishia mlangoni. Leo nikaingia, nikamkumbatia.

"Mama amefariki, mwanangu. Walikuficha. Mimi nipo, siondoki."

Akalia. Na mimi nikalia, nililia jamani! Lakini stuli ilibaki sakafuni.

Nikagonga mlango taratibu.

"Mume wangu, kuna jambo mnanificha. Hata kama ni talaka, niambie. Sivunji kitu."

Kufuli likafunguliwa. Shuaibu kasimama, macho mekundu.

"Talaka gani, Batuli? Bibi yako amefariki alfajiri. Anazikwa baada ya adhuhuri."

"Na mkanifungia?!"

"Shangazi alisema usiambiwe mpaka tumalize kuzika. Nami nikaogopa, nikakubali. Nisamehe."

Nikamgeukia shangazi. Moto ulinipanda mpaka kooni, siwadanganyi. Huyuhuyu ndiye aliyesema nisiambiwe kifo cha mama! Leo kafiwa na mama yake mzazi, badala ya kukaa msibani kaja kunifungia mimi.

"Shangazi, hii mara ya pili."

Akainamisha kichwa. "Nilidhani nakuhurumia, mwanangu."

"Nani anamwosha bibi?"

"Mimi na wenzangu."

"Na mimi nimo."

Nilimwosha bibi kwa mikono yangu. Shangazi alishindwa kuendelea, nikaipokea kata ya maji, nikamalizia mimi na maji ya karafuu maiti. Mama yangu sikupewa nafasi hiyo. Na kama kile kioo ningekivunja, nisingeipata na hii.

Shuaibu kaling'oa kufuli mlangoni jioni ileile. Jumanne naenda kliniki kama kawaida, bado sijapona.

Wewe mwenye mtu wa hasira nyumbani kwako, ficha sahani ukitaka. Msiba wake usimfiche.