Uvimbe kwenye Taya la Bosi

Scola wa Katubuka alikuwa mwanika dagaa, na kwa maneno hakuna aliyemweza. Kila asubuhi alishuka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, na mbwa wake, Bosi. Kazi ya Bosi ilikuwa kuwafukuza kunguru na mbuzi wasile dagaa waliotandazwa juani. Mshahara wake ulikuwa vichwa vya migebuka, samaki wa ziwani. Ukimuuliza Scola, mbwa huyo alijituma kuliko vibarua wengi.

Siku moja Bosi aliacha chakula. Udenda ulimtoka na mdomo ulinuka. Scola akachungulia, akaona kinundu chekundu kwenye ufizi, mbele ya taya la chini. Kilikuwa kidogo kama harage.

Mwiba huo, akasema. Watu wa ziwani ndivyo wanavyojua: mnyama akivimba mdomo, kachomwa na mwiba wa samaki, na dawa yake ni mawese ya uvuguvugu. Basi Scola akamimina mawese, akatia na kidole kuutafuta mwiba. Hakuuona. Kesho yake akamimina tena. Miezi miwili mizima, jamani! Kinundu kikakua kama ndimu, na meno mawili yakalegea.

"Mama Bariki, huyu mbwa anateseka," mumewe Thobias akamwambia. "Tumtafute mtu ammalize."

 Scola aliingia jikoni akalia, wala hakuona aibu. Alikuwa na Bosi kwa miaka sita.

Kesho yake Elia, daktari wa mifugo, alikuja kuchanja mbuzi wa jirani yao Rozalia. Hata shikamoo yake Scola hakuisubiri iishe. Alimvuta mkono hadi kwa Bosi. Elia hakumgusa mbwa. Kwanza aliuliza kama amechanjwa kichaa cha mbwa. Scola akaleta kadi ya chanjo, akasimulia na habari ya kidole.

"Mama, mbwa anayetokwa udenda usimtie mkono mdomoni," Elia akamwambia. "Angekuwa na kichaa, leo tungekuwa tunakulilia wewe."

Kisha akavaa glavu, akamchunguza Bosi taratibu. Huo haukuwa mwiba. Ulikuwa uvimbe ulioota kwenye ufizi, na pengine ulikuwa umeingia kwenye mfupa. Mawese yasingeweza kuuondoa.

Bosi akapelekwa kliniki mjini, anakofanya kazi Elia. Walikata kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe maabara. Wakampiga picha za eksirei za taya na kifua, waone kama uvimbe umesambaa. Majibu yalichukua wiki mbili, na Scola alikonda kuliko mbwa. Yalipofika, Elia alieleza kwamba uvimbe ule unakula mfupa, lakini haujasambaa mwilini. Upo uvimbe mwingine unaosambaa haraka, na kwa paka uvimbe wa mdomoni mara nyingi huwa mbaya zaidi. Huu wa Bosi unatibika kwa upasuaji. Lakini lazima ukatwe pamoja na sehemu ya mfupa usio na ugonjwa unaouzunguka. Ukibaki kidogo, utaota tena.

"Umkate taya?" Scola akauliza. "Sasa atakulaje? Mbwa asiye na taya ni mbwa gani?"

"Tunakata mbele tu, mama. Mbwa hajitazami kwenye kioo. Yeye anachojua ni maumivu. Tukiyaondoa, atajifunza kula."

Scola alimfuta Bosi udenda kwa ncha ya khanga. Kisha akasema, "Haya, mkate."

Bosi alilazwa kwa nusukaputi, hakusikia kitu. Alipotoka, kidevu kilikuwa kifupi na ulimi ulichungulia nje. Scola aligeuza uso kwanza, halafu akampapasa kichwa. Alimpa dawa za maumivu kwa saa zake. Alimlowekea ugali laini kwenye mchuzi wa dagaa. Mifupa ilipigwa marufuku. Siku mbili Bosi alikula kidogo mno. Siku ya tatu alilamba sahani yote, ingawa nusu ilimwagika. Scola alipiga kigelegele hadi Thobias akatoka nje akidhani kuna harusi.

Baada ya wiki sita Bosi alirudi mwaloni. Kunguru hawakujali kidevu chake, walikimbia vilevile. Kila miezi mitatu alipelekwa kuangaliwa, na uvimbe haukuonekana tena.

Mvuvi mmoja, Gervasi, alimcheka Bosi kwa ule uso. Katika kucheka akasema mbwa wake naye ana kinundu mdomoni, kidogo tu. Atampeleka kwa daktari mbalamwezi ikifika, wakati wavuvi wanapopumzika.

Scola akaweka ungo chini.

"Gervasi, mimi nilingoja. Umeona Bosi wangu alivyokatwa taya. Lete kamba."

Gervasi akaleta kamba. Akamfunga mbwa wake, wakaondoka wote watatu, buti za mvuvi zikitiririka maji njia nzima hadi kwa Elia. Kinundu cha mbwa yule kilikuwa bado kwenye ufizi tu, hakijaingia kwenye mfupa. Kilipokatwa, taya lake lilibaki zima.