Zambarau kwenye Shavu la Melania

Mchoraji wa Kichina, Qiu, alikutwa asubuhi, Oktoba 1998, sakafuni mwa chumba chake cha kazi nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Kisogo kilikuwa kimepasuliwa kwa nyundo. Saa yake ya dhahabu ilikuwa bado mkononi.

Mbele ya maiti, juu ya miguu mitatu ya mbao, ilisimama picha ya mwanamke Mwafrika. Rangi mbichi. Shavu la kushoto lilikuwa limekwanguliwa hadi kitambaa kikaonekana.

Inspekta Liang aliinama. Qiu alichora kama Wafaransa wa zamani: mipigo mifupi ya brashi, rangi zikilala bega kwa bega bila kuchanganywa, vivuli vya zambarau badala ya vyeusi. Ukingoni mwa mkwaruzo ilisalia zambarau kidogo, na kijani.

"Kivuli tu, Inspekta," alisema mpigapicha wa polisi.

"Kivuli cha pua kimeangukia upande wa pili. Mwanga ulitoka huku. Zambarau inafanya nini kwenye shavu lenye jua?"

Aliyeagiza picha ni Eliakimu, mfanyabiashara wa nguo kutoka Tanzania, aliyefikia na mkewe Melania katika hoteli moja ya mtaa wa Xiaobei. Ingezinduliwa Jumamosi, kwenye sherehe ya kuadhimisha miaka ya ndoa yao. Liang hakuhitaji mkalimani. Ujanani alifanya kazi kwenye reli ya Tanzania na Zambia.

"Jana jioni ulikuwa wapi?" alimuuliza Eliakimu chumbani mwao.

"Hapa. Nimelala."

"Picha umeiona?"

"Bado, afande."

"Mama, ni kweli?"

Melania alimtazama mumewe. Akavua mtandio polepole. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba, zambarau ikigeuka kijani.

"Alitoka, afande. Aliporudi akafua shati mwenyewe. Hajawahi kufua."

Shati lilikuwa bafuni, bado linachuruzika. Sabuni haikuiweza rangi ya mafuta. Mkono wa kulia wa shati ulikuwa na zambarau.

"Nyundo ina alama za vidole," Liang alisema. "Tulinganishe na zako?"

Eliakimu aliketi kitandani.

"Wenzangu wote wangekuja. Wangeliona shavu, wangejua. Nilimwambia afute. Akasema hafuti alichokiona, akanipa mgongo. Nilimwomba kwa upole, afande! Nilimwomba sana!"

Pingu zilifungwa.

"Na mimi nilikuomba hivyo hivyo, Eliakimu," alisema Melania. "Kila mara."