Aliyepanda Nyuma ya Editha

Jumamosi hiyo Editha alikuwa anafua uani kwake Nkuhungu, hapa Dodoma. Ni jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na haya alimsimulia mama yangu kwa kinywa chake. Mumewe Augustino, fundi umeme, alikuwa kainamia baiskeli yake anatia oili kwenye mnyororo huku akipiga mluzi. Editha, bila kuinua kichwa kwenye beseni, akamwambia kuwa likizo ile anataka waende pwani. Kutoka Tanga hadi Pangani na ng'ambo yake, kwa baiskeli.

Mluzi ukakatika.

Njia hiyo Augustino alishaipita na Anyesi, mke wake wa kwanza, kabla Anyesi hajafa kwa homa ya ini na kuzikwa kwao Bahi. Editha hakuwahi kumwona marehemu. Alimjua kwa picha tu: mwanamke mrefu kasimama na baiskeli ufukweni, anacheka na upepo umemvuruga kitambaa. Picha hiyo aliikuta ukutani siku alipoolewa. Wiki hiyo hiyo akaishusha. Baiskeli ya marehemu akaiuza, vyombo vyake akavigawa kwa majirani, hata sisi tulipata sufuria.

Lakini wivu wa Editha haukushiba vyombo. Akipika, alijiuliza kama Anyesi alipika vizuri zaidi. Mumewe akinyamaza, alijiambia anajua yuko na nani. Alimtaja Anyesi kuliko alivyomtaja mama yake mzazi. Jikoni, bafuni, njiani kwenda sokoni, kimoyomoyo: Anyesi, Anyesi, Anyesi, kama mtu anayesaga meno.

Ikawa imebaki pwani. Alitaka kila mahali alipopita yule, apite na yeye, mpaka pasibaki alama ya mwenzake.

"Kule mbali, Editha," Augustino alisema. "Twende hata Kondoa."

"Kwa hiyo bahari ilikuwa ya mwenzangu peke yake?"

Augustino akafuta mikono kwa tambara, akakubali.

Editha akanunuliwa yake, na baiskeli zote mbili zikasafiri kwenye buti la basi. Kesho yake walianza kunyonga kutoka Tanga kuelekea kusini, na Editha, mtoto wa Kongwa aliyekulia kwenye vumbi, akawa anashangaa kama mgeni wa dunia. Mashamba ya mkonge yaliyonyooka mistari mpaka macho yanachoka. Minazi. Halafu bahari ikachungulia katikati ya nyumba mbili, ya kijani, na mbele kidogo ikafunguka yote. Alilamba midomo akasikia chumvi. Moyoni akajiona ameshinda.

Kilichomwangusha ni miguu. Augustino alizoea baiskeli. Yeye pumzi zilimwishia mapema. Walipokaribia Kigombe alishaachwa nyuma sana, anamwona mumewe kadogo kule mbele. Akaona anageuza uso upande wa kushoto. Anaongea. Ananyamaza kama anayesikiliza. Halafu anacheka, kicheko ambacho Editha hakuwahi kukisikia ndani ya nyumba yake.

Alimkuta anamsubiri kwenye kivuli cha mkorosho. Akamuuliza alikuwa anaongea na nani kwenye simu.

"Simu ipo kwenye begi," Augustino akasema. "Si nilikuwa naongea na wewe? Ulikuwa unanisimulia mlivyokuwa mkivua kambale Bahi mkiwa wadogo."

Hakuwa anatania. Editha hajawahi kuvua samaki maisha yake yote.

Mwanamke mwingine angegeuza baiskeli hapo hapo. Editha hakuogopa, na hilo ndilo alilolijutia baadaye alipokuwa anamsimulia mama. Aliona wivu. Alichowaza ni kimoja tu: hata kufa kwake hakujatosha.

Walilala Pangani kwa mama mmoja mpangishaji, Bi Asma, wakala wali wa nazi na samaki. Augustino alilala kama mtoto. Editha aliutazama mgongo wa mumewe mpaka usingizi ulipompitia.

Asubuhi walivuka mto kwa kivuko hadi Bweni, wakaendelea kuelekea Ushongo. Ilipofika saa sita maji yalikuwa yamekupwa. Ufuo ulikuwa mpana, mchanga umelowa na kushikana kama sakafu, na baiskeli zikawa zinateleza juu yake vizuri kuliko barabarani. Jua la utosi. Hapakuwa na mtu. Palikuwa ni mahali pazuri kuliko pote alipowahi kufika.

Mbele, Augustino akageuza uso kushoto. Akacheka.

Editha akafunga breki. Akasema kwa sauti, peke yake, mbele ya bahari:

"Anyesi. Wewe ulishakufa. Mwanaume ni wangu."

Kule mbele kicheko kikakoma.

Upepo nao ukatulia. Editha akapanda baiskeli ili amfikie mumewe. Pedali zikagoma. Akakaza. Zikazunguka, lakini kwa shida, kama anapanda mlima. Akadhani tairi limeisha upepo. Akataka kuinama atazame.

Hakuweza kuinama.

Mikono miwili ilikuwa imemzunguka kiunoni. Taratibu, kama abiria anavyomshika anayemwendesha. Hakuiona. Aliisikia tu, kidole kwa kidole. Ilikuwa ya baridi, baridi ya kaburi la ardhi kavu. Kisha kidevu kikatua begani kwake.

"Endesha," sauti ikanong'ona, kwa Kigogo cha Bahi.

Editha aliendesha. Machozi yalimtoka, na miguu ikazunguka yenyewe.

"Mwache mume wangu," akasema.

"Yeye alishanisahau. Leo nimemuaga." Sauti haikuwa na hasira hata kidogo. "Wewe ndiye unayeniita kila siku. Nimekuja."

Augustino alirudi mbio. Alisema alishtuka mkewe aliponyamaza ghafla ubavuni kwake, akageuka asimwone. Alimkuta kaanguka na baiskeli, macho wazi, anaonyesha kidole nyuma. Augustino akatazama. Mistari ya matairi ya mkewe ilikuja mchangani myembamba, myepesi, hadi pale aliposimama. Kuanzia hapo ilizama mpaka maji yakajaa ndani yake.

Baiskeli ya Editha waliiacha kwa Bi Asma. Walirudi Dodoma kwa basi, Editha kakaa dirishani, kiti cha kati yake na mumewe kikiwa kitupu, kwa sababu kila Augustino alipotaka kukikalia alihisi hapana nafasi.

Maombi yalifanyika. Wazee wa Bahi walikwenda kaburini wakamwaga pombe, wakasema huko kumetulia. Na kweli Augustino alitulia. Mluzi ukarudi. Ukimtajia Anyesi alijibu kama umemtajia mtu aliyesoma naye darasa la pili. Editha ndiye aliyekonda mpaka vitenge vikawa vinamzunguka mara mbili. Alitembea kainama. Akikaa kwetu, alikaa pembeni ya mkeka.

Mwezi uliopita mama alimsindikiza zahanati. Nesi, dada mmoja anaitwa Shamila, alikuwa anaandika, akamwambia apande kwenye mizani ile ya mshale. Editha akapanda. Nesi akautupia jicho mshale, akarudi kwenye kuandika.

"Mmoja mmoja, mama," akasema. "Mwenzako ashuke kwanza."

Halafu akainua kichwa. Akamwona Editha peke yake, mifupa mitupu. Akautazama mshale tena. Akamwomba ashuke ili aurekebishe.

Editha akashuka.

Mshale haukurudi kwenye sifuri. Ulisimama pale pale panaposimama uzito wa mwanamke mzima, ukitikisika kidogo, kama mtu anayehamisha mguu. Kisha ukaanza kushuka, polepole, mpaka sifuri. Na Editha, aliyekuwa kasimama sakafuni hajagusa kitu, magoti yake yakakunjika, akashika ukuta.