Kidoti Anatamani Kula na Wenzake

Kila jioni Mama Kidoti hushona nguo barazani. Binti yake, Kidoti, hukaa kando akiwatazama watoto wa jirani wakila kwenye sinia moja.

"Mama, niende?"

"Umeshakula, mwanangu."

"Sina njaa. Nataka kukaa nao tu."

Mama huinamia cherehani.

Zamani Kidoti alikula nao. Siku moja akaonja biskuti ya karanga. Midomo ikavimba, vipele vikamtoka, akaanza kuhema kwa shida. Baba yake alimbeba mbio hadi hospitali. Aliponea chupuchupu.

"Ana mzio wa karanga," muuguzi aliwaeleza. "Mwili wake unaiona karanga kama adui. Hata chembe inaweza kumdhuru, kwa hiyo asile kabisa. Sindano hii ya dharura isikae mbali naye. Akivimba au akikosa pumzi, mchomeni pajani, kisha mleteni upesi."

"Mimi karanga nazitafuna kama kuku," alisema baba. "Huyu mtoto mzio kautoa wapi?"

"Hatujui vizuri, kaka."

"Na dawa ya kumponya?" mama aliuliza.

"Bado inatafutwa, dada. Fedha za utafiti ni kidogo. Hapa kwetu hata idadi ya watoto kama huyu hatuijui. Wazazi mkinyamaza, nani atajua?"

Maneno hayo yalimkaa mama moyoni. Mbunge alipokuja kusikiliza wananchi kabla ya bajeti, watu waliomba maji na barabara. Mama Kidoti akasimama.

"Mheshimiwa, mwanangu hawezi kula na wenzake, na hakuna wa kuniambia ataweza lini. Naomba fedha za kutafiti mzio wa watoto."

Kisha bibi muuza mboga akainuka.

"Mjukuu wangu akinywa maziwa huvimba uso. Tulidhani karogwa. Kumbe tuko wengi."

Wazazi wengine nao wakasimama. Mbunge alilifikisha ombi lao bungeni, na mwaka uliofuata hospitali ikapewa fedha za kuanza utafiti.

Siku ya kupimwa, Kidoti alikaa benchi moja na mjukuu wa muuza mboga.

"Wewe huli nini?"

"Maziwa. Wewe?"

"Karanga."

Kidoti akasogea karibu zaidi. "Wakiipata dawa, utaanza na nini?"

Mwenzake akafikiri sana. "Aiskrimu."

"Nigawie."

"Nitakugawia."

Mama Kidoti na bibi muuza mboga walitazamana, wakaacha watoto waendelee kupanga.