Usigonge Kioo

— Usigonge kioo!

Sauti ilipasuka sebuleni kama radi. Kidoti akaangusha kijiko, mchuzi ukaruka mpaka kwenye sare yake ya shule. Alikuwa amegusa tangi la samaki kwa ncha ya kidole tu, akimwita yule mdogo mwenye mkia mwekundu.

— Nimekwambia mara ngapi? Samaki anasikia kwa mwili mzima. Wewe unaona unacheza, yeye mle ndani anaona dunia inabomoka!

— Samahani, anko.

— Sema kwa sauti! Unanong'ona una siri gani?

Fundi Vioo akapiga meza kwa kiganja. Sahani zikaruka, na Kidoti naye akaruka.

— Jamani, chakula kinapoa, — Mama Kidoti akasema, akacheka kidogo ili kupooza mambo.

Kicheko hicho, mwenzangu, kishike. Wengi tumekicheka.

Mama Kidoti alikuwa msusi, ana saluni yake ndogo ya viti viwili. Mumewe alifariki akamwachia mtoto ambaye usiku hakulala mpaka ashike sikio la mama yake. Mteja mmoja akamshauri amnunulie samaki wa mapambo, eti ukiwatazama usingizi unakuja wenyewe. Ndivyo alivyofika dukani kwa Fundi Vioo, mwanaume aliyekata vioo na kuunda matangi kwa mikono yake, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza chumba.

— Nipe yule mkubwa mwenye milia, — Mama Kidoti alisema siku ile.

— Yule hapana, mama. Tazama mdomo wake.

— Mdomo una nini?

— Samaki anayeenea kwenye mdomo wa mwenzake si jirani yake, ni chakula chake. Chukua hawa wadogo, lakini hawauzwi mmoja mmoja. Akiwa peke yake hofu inamuua. Halafu chukua na hawa wa chini, wanaokaa mchangani. Huyu wa juu, huyu wa chini, hawagombanii nafasi. Na wote wawe wa maji ya vuguvugu. Ukichanganya wa baridi na wa vuguvugu, mmoja lazima aumie.

— Kumbe samaki hawachaguliwi kwa uzuri!

— Uzuri ni wa mnunuzi. Mle ndani wanaishi na tabia.

— Na wanaume je, wanachaguliwa kwa nini?

— Wanaume? Unachukua yule anayekuletea tangi mpaka nyumbani bila kulimwaga.

Akalileta. Hakumwaga hata tone. Jioni simu ya Mama Kidoti ikalia, ujumbe: "Wageni wangu wamelalaje?" Akajibu: "Wamelala. Mwenye nyumba ndiye hajalala." Basi, mapenzi yakaanza hivyo, kwa mzaha, yakaota mizizi. Alimbebea maji. Alimrekebishia kiti cha saluni. Mama Kidoti alipougua alimkanda miguu mpaka asubuhi. Sikudanganyi, mwanaume yule alimpenda. Siku ya harusi ikapangwa, gauni likashonwa, likatundikwa nyuma ya mlango wa saluni.

Ila kwa mtoto alikuwa na mkono mzito bila kumpiga. Akila polepole, meza inapigwa. Akichelewa kutoka chumbani, mlango unagongwa kwa ngumi: ngo! ngo! ngo! "Toka huko, mtoto wa kike halali kama gogo!" Kidoti akaacha kuimba akioga. Akaacha kushika sikio la mama yake. Akawa anakula chakula chake chumbani, kimya, anaosha sahani mwenyewe.

— Mtoto amebadilika, — Mama Kidoti alimwambia dada yake mkubwa wakiwa saluni.

— Amebadilika au ametulia? Ulikuwa umemdekeza. Mtoto anahitaji sauti ya mwanaume ndani.

— Dada, naona kama anaogopa.

— Atazoea! Wewe ukimwacha huyu, kwa umri huo, utaolewa na kioo cha saluni?

Wateja wakacheka. Mama Kidoti naye akacheka, akalitazama gauni lake.

Kisha ukaja ujumbe wa mwalimu: "Habari mama. Leo mtu aligonga mlango wa darasa, mwanao akajificha chini ya dawati. Tulipomtoa alikuwa amejikojolea. Naomba tuonane."

Mama Kidoti aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa.

Alimkuta mwanawe amebadilishiwa nguo, amekaa na mwalimu. Hakumuuliza kitu njiani. Walipofika nyumbani, akakaa naye sakafuni mbele ya tangi.

— Mwanangu, nani anakutisha?

Kidoti akatazama samaki.

— Mama, samaki hawagongewi kioo kwa sababu wanaogopa, si ndiyo?

— Ndiyo, mwanangu.

— Mimi mbona nagongewa?

Mama Kidoti akasimama, akampeleka kwa jirani.

Jioni Fundi Vioo akaja na mfuko wa chakula cha samaki. Kidoti alikuwa kwa jirani. Kabla hata hajakaa, mwanaume akainama kwenye tangi, uso umemwiva kwa wasiwasi.

— Huyu mwekundu ana nini? Mbona amejibana nyuma ya jiwe?

— Wewe unaonaje?

— Ana hofu. Kuna mwenzake anamtisha.

— Umejuaje? Hajasema.

— Samaki anasema? Anayeogopa anahama mahali pa kula, anajificha, anakuwa kimya. Watu wanadhani ametulia.

— Dawa yake nini?

— Unamtoa.

— Unamtoa nani? Anayejificha?

— Hapana. Ukimtoa huyo, anayetisha atamhamia mwingine. Unamtoa anayetisha.

— Hata kama ndiye mzuri kuliko wote?

— Hata kama ndiye...

Akageuka polepole, akamwona Mama Kidoti analia bila sauti. Akautazama mlango wa chumba cha mtoto, pale rangi ilipochubuka kwa ngumi zake.

— Mimi sijampiga. Hata siku moja!

— Hujampiga. Umegonga kioo.

— Namfunza! Mimi nililelewa kwa sauti, baba yangu akikohoa tu tunasimama wima. Mbona nimekuwa mtu?

— Ulikuwa unajificha wapi?

Ile sauti ya kujaza chumba sasa ilikuwa ndogo.

— Nyuma ya pipa la maji.

Wote wawili wakalia. Ndipo palipouma, mwenzangu. Kumwacha mtu mbaya ni kutema mate. Huyu hakuwa mbaya.

— Nipe muda, nitajirekebisha.

— Utajirekebisha. Lakini siwezi kumweka mwanangu humo ndani akisubiri ujirekebishe. Yeye ndiye anayeenea mdomoni.

— Na harusi?

— Nilikuwa nakupenda kabla ya harusi. Nitabaki hivyo hivyo.

Akachukua kofia yake. Alifunga mlango taratibu kuliko siku zote.

Dada mkubwa alikuja juu, akamwita mjinga, akasusa. Gauni likauzwa kwa bibi harusi mwingine. Ujumbe wa mwisho kutoka kwa Fundi Vioo ulisema: "Ukibadilisha maji, badilisha robo tu. Usimwage yote kwa mara moja, watashtuka." Mama Kidoti aliusoma mpaka akaujua kwa moyo. Hakujibu. Ila alibadilisha robo.

Kwa mtoto nako, ilikuwa robo robo. Kila akirudi shule alisimama kizingitini.

— Mama, yupo?

— Hayupo, mwanangu.

Ndipo anaingia. Majirani wakaambiwa: nyumba hii haigongwi, piga hodi kwa mdomo.

Miezi ikapita. Jioni moja Kidoti alikuwa anamsimulia mama yake mambo ya shule, mara nje ikasikika sauti ya upole.

— Hodi.

Kijiko cha Mama Kidoti kikabaki hewani. Sauti hiyo angeitambua hata usingizini.

— Hodi wenyewe.

Neno "karibu" likampanda mpaka kooni. Karibu, ingia, keti, chakula kipo. Akamtazama mwanawe. Kidoti alikuwa ameshateremka kitini, mkono mmoja umeshika mguu wa meza, anapima nafasi ya kuingia chini.

Mama Kidoti akalimeza lile neno.

— Hodi, — mara ya tatu, chini kabisa.

Kisha hatua zikaondoka, bila haraka, kama za mtu anayebeba tangi lililojaa.

Kidoti akapanda tena kitini. Akanyoosha mkono, akalishika sikio la mama yake.

— Mama, leo hajagonga.

— Ndiyo, mwanangu. Leo hajagonga.