Lango Alilolifungua Ambokile

Jua lilikuwa linazama kijijini Nyamongo, Ambokile alipofika kwa Bibi Teresia, miwani yake mikubwa ikiwa ndani ya begi. Alikuwa na haraka. Mkewe Editha alibaki peke yake na binti yao Tusa, wa miezi minne, na alimwahidi kurudi kabla giza halijaingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeleta hilo dude lako?"

Ambokile akameza hasira. Shukrani ndiyo hiyo! Boma la mawe la ukoo wa kikongwe huyu lilikuwa limefukuliwa lote na watu waliopagawa na dhahabu. Yeye ndiye aliyewahi kulipiga picha kabla halijafukuliwa, akalijenga upya kwenye kompyuta. Ukivaa miwani unatembea ndani yake. Ujuzi huo aliupata Ulaya, alikosaidia kuinua vivyo hivyo sinagogi la Wayahudi lililochomwa moto miaka mia saba iliyopita. Kule wazee walivaa miwani wakalia kwa furaha.

Teresia akavaa. Akageuza kichwa kushoto, kulia...

Akaganda.

"Lango," alinong'ona. "Nani kakwambia ulifungue?"

"Mawe yalikuwa yameangukia pale, bibi. Nimeyaondoa kwenye picha, nikalirudisha lilivyokuwa."

"Hayakuanguka. Tuliyapanga sisi."

Harufu ya ngozi mbichi ikajaa chumbani. Bibi yule hakuwa na hata mbuzi.

"Mzee Nyangwine alikuwa anaroga watoto wachanga," alisema. "Walikufa wanne. Tukamwacha ndani, tukaziba lango. Alibisha siku tisa."

"Bibi, mle sikuweka mtu."

"Kasimama hapa, na ngozi yake ile ile mwilini."

Ambokile akacheka, kicheko kikamkauka mdomoni. Kikongwe alikuwa anaitikia kwa kichwa, anajibu maswali kwa Kikurya, taratibu, kwa heshima. Ambokile aliambulia majina mawili tu. Lake. Na la Tusa, mtoto ambaye bibi huyu huyu alimpakata wiki iliyopita.

"Umemwambia nini?"

Teresia akavua miwani. Macho makavu.

"Kauliza aliyemfungulia anaishi wapi. Na mimi nina wajukuu, kijana."

Ambokile akampokonya miwani, akaivaa. Boma lilikuwa tupu, lango wazi. Kwenye vumbi alilolichora mwenyewe kulikuwa na nyayo za miguu peku...

Zilikuwa zinatoka.

Simu ikaita. Editha. Nyuma ya sauti yake Tusa alikuwa analia.

"Baba Tusa, uko wapi? Kuna mzee hapa nje, anasema wewe ndiye uliyemfungulia njia. Anabisha tu, maskini, nimemchungulia dirishani, vidole vinamtoka damu."

"Usifungue! Editha, usifungue!"

"Jamani, mzee wa watu, nimeshamwamkia. Subiri..."

Komeo likalia.

Mtoto akanyamaza.

Ambokile alitoka mbio, akiita jina la mkewe kwenye simu isiyojibu. Nyuma yake Bibi Teresia alikuwa ameshainama, anapanga mawe mlangoni kwake.